Vijana Wanaotutoka na Kinachowarejesha



Msimu wa karafuu unapokaribia, swali linaloulizwa sana barazani siku hizi si "Mwaka huu itazaa?" bali ni "Nani atapanda?" Mikarafuu ipo, na mingine hubeba mpaka matawi yakainama. Lakini mwenye shamba umri umekwenda, magoti hayamruhusu kupanda, na wanawe watatu mmoja yuko Darajani, mmoja Kariakoo na mmoja Maskati. Nayo karafuu haimngojei mtu. Tumba likishafunguka likawa ua, daraja lake limekwisha kushuka. Likiachwa zaidi hugeuka tunda, likaanguka chini likawa mpeta. Mali ya mwaka mzima yaweza kupotea kwa wiki mbili kwa kukosa mikono tu.

Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa kituo: kwa nini vijana hutoka shamba, ni nini huwarejesha, na mwenye shamba aweza kufanya nini. Hatuandiki kwa kuwalaumu vijana. Kijana anayetoka kwenda kutafuta riziki hafanyi kosa, na nyumba nyingi za wanachama wetu zimeezekwa mabati kwa fedha iliyotoka ng'ambo. Tunaandika kwa kuwa shamba lisilo na mrithi anayelipenda ni shamba linalokufa polepole, hata kama miti yake bado imesimama.

HESABU YATUAMBIA NINI

Tuanze na hesabu ya watu. Katika hesabu ya 1958, Unguja ilikuwa na watu 165,253 na Pemba watu 133,858. Yaani katika kila watu 100 wa visiwa hivi, 45 walikuwa Pemba. Katika sensa ya 2012, Unguja ilikuwa na watu 896,721 na Pemba 406,848. Katika kila 100, wa Pemba ni 31. Na katika sensa ya 2022, Unguja ilifika watu 1,346,332 na Pemba 543,441. Katika kila 100, wa Pemba ni 29. Kwa muda huo wote Pemba imeongezeka mara nne, na Unguja imeongezeka mara nane.

Hatusemi kwamba tofauti yote hiyo imetokana na Wapemba kuhama. Wako watu wengi waliokuja Unguja kutoka Bara, na mji huvuta watu wa kila upande. Lakini Pemba si kisiwa cha watu wasiozaa. Kama watoto wake wote wangalibaki, hesabu ingalikuwa nyingine kabisa.

ZAMANI SAFARI ILIKUWA KINYUME

Wanachama vijana huenda wasijue kwamba wakati mmoja watu hawakuwa wakitoka Pemba, bali walikuwa wakija. Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu. Kila msimu wachumaji walivuka bahari kwa majahazi kutoka Unguja, Tumbatu na Mrima, wakapiga kambi mashambani, wakachuma, wakachambua na kuanika mpaka mzao ukamalizika. Wako waliokuja kwa msimu mmoja wakaoa na kubaki. Kwa hiyo si kweli kwamba shamba ni kitu ambacho mtu hukikimbia kwa tabia yake. Watu hufuata karafuu maadamu karafuu inawalipa.

Mambo yaligeuka ilipogeuka bei. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa ndani ya sigara. Nchi hiyo ilipanda mikarafuu yake yenyewe kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikawa yajitosheleza. Bei ya dunia ikaporomoka. Na katika kile kidogo kilichobaki, fungu lililomfikia mkulima lilikuwa dogo zaidi. Wako waliovusha karafuu kwa magendo kwenda Mombasa, wako walioacha miti ikaingiwa na msitu, na wako waliofunga mizigo yao. Hao wa mwisho ndio waliofungua njia. Aliyepata duka Kariakoo alimwita mdogo wake, na mdogo alimwita mpwa wake. Njia ikishafunguka hivyo haifungwi kwa hotuba.

BEI HUMREJESHA NANI

Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha bei sana, ikaahidi kwamba mkulima atapewa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Katika miaka iliyofuata karafuu ya daraja la kwanza ilinunuliwa na Shirika la ZSTC kwa Sh. 14,000 kilo moja. Faida yake sote tuliiona. Magendo yalipungua, mashamba yaliyokuwa msitu yalifyekwa, miche ilitafutwa, na vijana waliokuwa Unguja na Bara walionekana tena wakishuka Mkoani na Wete wakati wa msimu.

Lakini msimu ulipokwisha, wengi wao walipanda meli wakarudi walikotoka. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Bei nzuri humrejesha mchumaji. Peke yake haimrejeshi mkulima. Mchumaji anahitaji wiki sita za kazi na malipo mazuri. Mkulima anahitaji kitu kilicho chake, na fedha ya kumvusha miezi ile ambayo mkarafuu hautoi kitu.

Tufanye hesabu ndogo. Ukipanda mikarafuu kwa nafasi ya futi 30 kwa 30, eka moja huingia miti 48. Tuseme kila mti uliokomaa hutoa kilo tatu za karafuu kavu kwa mwaka, ukichanganya mwaka mwema na mwaka mbaya. Hizo ni kilo 144. Kwa bei ya Sh. 14,000, tunayoitumia hapa kwa mfano tu, mapato ni Sh. 2,016,000. Ukizigawa kwa miezi 12, kila mwezi ni Sh. 168,000, na hapo bado hujamlipa mchumaji pishi zake, hujalipa palizi, wala hujanunua jamvi la kuanikia. Tena karafuu haigawanyiki kwa miezi. Mwaka mmoja huzaa sana, mwaka wa pili mti hupumzika. Fedha huja zote kwa pamoja, hulipa madeni ya mwaka uliopita, hununua nguo na vyombo, kisha hakuna kitu mpaka Mungu alete msimu mwingine.

Mfikirie sasa kijana anayelinganisha hayo na mwenzake anayefanya kazi katika hoteli za Nungwi au Kiwengwa. Huenda mwenzake hapati zaidi kwa mwaka mzima, na chumba chake cha kupanga kinamla. Lakini kila mwisho wa mwezi kuna kitu mkononi, na mtu mwenye kitu mkononi kila mwezi aweza kukopesheka, aweza kuposa, aweza kupanga mambo yake. Kijana havutwi na wingi wa fedha tu. Huvutwa na fedha yenye siku inayojulikana.

Ushahidi tunao hapa hapa petu. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza Zanzibar mwaka 1989, na walioushika zaidi ni wanawake. Bei ya mwani haikuwa kubwa kamwe, na kazi yake ni ya kuinama majini. Lakini mwani huvunwa kila baada ya wiki sita hivi, na mwenye kamba zake huzijua kuwa ni zake. Kwa mambo hayo mawili wanawake wengi wa pwani waliweza kusomesha watoto bila ya kuhama kijiji.

KISICHO CHAKE HAKIMUUMI

Jambo la pili ni milki. Kijana wa miaka ishirini na tano katika shamba la babake huwa hana mti hata mmoja aweza kuuita wake. Hupalilia, huchuma na kubeba magunia mpaka kituoni, lakini fedha huhesabiwa na mzee, na yeye hupewa anachopewa. Si dhuluma, ndiyo desturi, na mzee ana nyumba ya kulisha. Lakini kijana huyo huyo akichuma shamba la jirani hulipwa kwa pishi, papo hapo. Basi usishangae akipenda zaidi kuchuma kwa watu kuliko kwao.

Husemwa kwamba atarithi. Ni kweli, lakini tutazame hesabu ya urithi. Tuchukue shamba la eka tatu, kama yale yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, lenye mikarafuu 144. Mzee amefariki, ameacha watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na hakuna mrithi mwingine. Mafungu ni saba. Kila mwanamume atapata miti 41 na kila mwanamke miti 20 na kidogo. Huo ni mgawo wa haki na hauna la kuongeza. Lakini kijana hungoja miaka mingapi kupata miti 41? Na atakapoipata huenda ana miaka hamsini, ana duka na watoto mjini, na miti yenyewe imezeeka pamoja na babake. Hapo ndipo tunapoona mashamba yakiuzwa, au mzao ukiuzwa ungali juu ya mti, kila mwaka kwa mtu mwingine, ambaye hana haja ya kupalilia wala kupanda upya kwa kuwa mwakani huenda asiwe yeye.

Wazee walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ni kweli, mtu hurudi kwao. Lakini methali haikusema atarudi akiwa na umri gani, wala atakuta nini.

NA MANENO YETU YA NYUMBANI

La tatu ni dogo kwa kulitazama, lakini lina nguvu. Mara ngapi mzazi humwambia mtoto mvivu wa kusoma, "Usiposoma utakwenda kuchuma karafuu"? Mtoto anayeambiwa hivyo miaka kumi hufahamu kwamba shamba ni adhabu ya walioshindwa. Kisha akifaulu huona aibu kurudi, na asipofaulu huona aibu kubaki. Tungependa mtoto asome mpaka mwisho wa elimu, na ajue pia kwamba kuutambua mti wenye ugonjwa wa kufa ghafla, kuanika karafuu isiingiwe na ukungu, na kuweka daftari la shamba ni elimu, si kibarua.

NINI CHA KUFANYA

Haya yafuatayo si mambo ya kungoja msaada kutoka mbali. Mengi yamo mikononi mwa mwenye shamba.

Kwanza, mpe kijana kitu chake mapema. Mzee aliye hai aweza kumpa mwanawe miti kumi au ishirini kwa hiba. Lakini hiba si maneno ya barazani. Haitimii mpaka aliyepewa akabidhiwe, na mti uliotolewa kwa hiba fedha zake ni za aliyepewa. Atazame pia uadilifu baina ya watoto wake, wa kiume na wa kike, ili asipande fitina mahali pa mikarafuu. Amwendee shekhe au kadhi kwa ushauri, na aandike mbele ya mashahidi. Mwenye shamba la eka tatu za serikali aulize kwanza ofisi ya ardhi, maana mashamba hayo yana sharti zake. Asiyetaka kutoa hiba aweza kufanya mapatano ya mafungu: miti hii utaipalilia wewe na kuilinda, na katika mzao wake fungu lako ni hili. Ila liandikwe, na likiandikwa litimizwe, hata mwaka ambao bei imepanda.

Pili, jaza miezi mitupu. Chini ya mikarafuu na kando yake pana nafasi ya mazao mengine. Mgomba huzaa ndani ya mwaka au kuzidi kidogo, tena humpa kivuli mche mchanga wa mkarafuu, ambao jua kali huuua. Pilipili manga huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Usiipandishe juu ya mkarafuu, maana mchumaji ataikanyaga, bali ipandishe kwenye miti mingine mipakani. Vanila nayo yataka miaka kama hiyo, na ua lake lataka kuchavushwa kwa mkono asubuhi linapofunguka, kazi inayotaka macho mazuri na subira kuliko nguvu. Mdalasini, hiliki na kungumanga twazijua sote. Si lazima kupanda yote. Chagua mawili ambayo mavuno yake hayaangukii wakati wa karafuu, na umwachie kijana ayasimamie na fedha zake azishike.

Tatu, usiyadharau makonyo. Makonyo yaliyochambuliwa na kukaushwa vizuri yana mnunuzi, kwa kuwa kiwanda cha Wawi huyatumia kutoa mafuta. Uchambuzi aghalabu hufanywa na wanawake na wasichana, usiku baada ya kazi za nyumbani, na aghalabu hawahesabiwi kitu. Mwenye nyumba akiamua kwamba fedha za makonyo ni za waliochambua, hatapungukiwa sana, na binti yake ataona kwamba shamba linamjua. Tusisahau kwamba mabinti nao huhama, na kwamba fungu lao katika urithi lipo.

Nne, tuilinde roho ya mchumaji. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake hukatika ghafla. Kila msimu watu huanguka. Wengine huvunjika, wengine hufa. Mama aliyeona hayo hawezi kumhimiza mwanawe kubaki. Asipande mtu mti ungali umelowa mvua. Kamba ziwe nzima, na tawi la mbali livutwe kwa kamba, lisikanyagwe. Tawi lililovunjwa ni hasara mara mbili: laweza kumwangusha mtu, na mahali lilipovunjika huingia ugonjwa ndani ya mti. Wala asipandishwe mtoto ili kuokoa ujira wa mtu mzima.

Tano, mshirikishe aliye mbali. Kijana aliye Maskati au Dar es Salaam si lazima arudi leo ili awe mkulima. Fedha anayoituma kwa simu kila mwezi huishia katika chakula na harusi. Ombeni sehemu yake ndogo iwe ya miche, ipandwe kwa jina lake, na nduguye aliyebaki alipwe kuitunza. Kisha kila msimu ukiisha mpelekeeni hesabu kamili: pishi zilizochumwa, ujira uliolipwa, kilo zilizouzwa, daraja lake, na picha ya risiti ya kituo. Mtu anayepelekewa hesabu hujiona mwenye shamba. Anayepelekewa maombi tu hujiona mwenye deni, na mwenye deni hapendi kurudi.

MCHE WA DARASA LA KWANZA

Tumalize na jambo moja ambalo kila mwanachama mwenye mtoto mdogo aweza kulifanya masika yajayo. Mkarafuu huanza kutoa baada ya miaka sita mpaka minane, hukomaa sawasawa ukifika miaka kumi na tano mpaka ishirini, na waweza kuishi kupita umri wa binadamu. Basi mtoto anapoingia darasa la kwanza, akiwa na miaka sita au saba, mpandie miche yake, kumi yatosha. Mwite aishike, mwonyeshe mpaka, na likizo zake aimwagilie na kuitilia kivuli. Serikali imekuwa ikiotesha na kugawa miche, na asiyeipata aweza kuotesha mwenyewe kwa mbegu mbivu zilizopandwa upesi kabla hazijakauka.

Mtoto huyo atakapokuwa na miaka kumi na nne au kumi na tano, miti yake itatoa pishi ya kwanza. Atainunulia madaftari na viatu vya skuli. Atakapokuwa na miaka ishirini na tano, umri ambao wenzake wanapanda meli, miti yake itakuwa katika nguvu zake. Huenda naye akapanda meli, hatuwezi kumfunga. Lakini atakuwa anaacha kitu kilicho chake, anachokijua mti kwa mti, na ambacho kila msimu kitamwuliza habari zake.

Twaomba kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na lituletee majibu ya maswali matatu: Katika mashamba ya wanachama wenu, mangapi yana kijana aliye na miti yake mwenyewe? Wachumaji wa msimu uliopita walikuwa na umri gani? Na ni zao gani la pili lililowafaa katika miezi isiyo na karafuu? Mwanachama mwenye rai iliyo tofauti na yetu pia atuandikie, nasi tutaichapa kwa furaha, kwa kuwa shamba moja halifanani na jingine, na mwenye shamba ndiye alijuaye.